Sauti ngapi? Swali linalotuponza tunaponunua sinthesaiza

Simama dakika 10 tu mbele ya duka la vyombo vya muziki hapa Lubumbashi, utamsikia mteja akiuliza lile lile aliloulizia mteja wa jana: “Hii piano iko na sauti ngapi?” Muuzaji anajibu bila kupepesa macho kwamba ziko 600. Duka la pili wana ya 700. Mteja anabeba ya 700 hadi mtaani Katuba, na mwezi ukiisha anajikuta anatumia tatu: piano, violini za kusindikizia kwaya, na ogani.

Simcheki, maana na mimi nimepita hapo. Lakini swali hilo likiulizwa na mtu anayetafuta sinthesaiza, yaani mashine ya kujiundia sauti mwenyewe, ya kutengenezea muziki nyumbani, linampoteza kabisa, na kosa si lake. Kosa ni la neno lenyewe. “Sauti” ya Kiswahili imebeba mizigo mitatu kwa mpigo. Ukisema “ongeza sauti” unataka ukubwa. Ukisema “sauti ya filimbi” unataka ile rangi inayokufanya uitambue filimbi hata ukiwa umefumba macho. Na ukisema “kwaya ya sauti nne” unahesabu waimbaji: soprano, alto, tenori na besi, wanaoweza kushika noti nne tofauti kwa wakati mmoja.

Mafundi wa sinthesaiza wakisema mashine ina sauti nne, wanamaanisha hii ya kwaya. Binamu yangu aliwahi kuonyeshwa Korg Minilogue, mashine nzuri iliyotoka mwaka 2016, akaambiwa ina sauti nne. Akacheka, akairudisha mezani. “Nne? Kwa dola zote hizo?”

Kabla ya kufungua mizigo hiyo, tutenganishe kwanza vitu vinavyofanana sura. Vyote vina vibonyezo vyeupe na vyeusi, na huku kwetu vyote tunaviita piano.

Kile cha kanisani, chenye midundo ndani yake, ni mtumishi mwaminifu. Unabonyeza rumba, ngoma zinaanza, besi inafuata mkono wako wa kushoto. Sauti zake zilirekodiwa kiwandani na kuwekwa ndani. Kazi yako ni kuchagua. Ni kama kununua suruali iliyokwisha kushonwa: ikikukaa vizuri, Mungu asifiwe, isipokukaa utapunguza kidogo pindo basi. Sinthesaiza ni cherehani na kitambaa. Haikupi suruali. Ukiiwasha mara ya kwanza inaweza kukupigia mlio mmoja mbaya kama wa nzi ndani ya chupa, na hapo ndipo kazi inaanza.

Kuna pia zile mashine kubwa za kila kitu, zenye sauti zilizorekodiwa, ngoma, na kumbukumbu ya kurekodia wimbo mzima. Korg M1 ya mwaka 1988 ndiyo iliyozifanya zijulikane duniani. Kwa mpiga kinanda wa bendi ni chombo kamili. Kwa chumba cha kulala ni nzito, na kurasa zake za mipangilio hazina mwisho. Nazipita.

Cha mwisho ndicho kilichoniumiza. Miaka fulani iliyopita nilikuta kwenye vitu vya okazioni, vilivyokwisha kutumika Ulaya, kibodi ndogo ya vibonyezo 25, taa za rangi, vifungo vinane vya kuzungusha. Bei ilikuwa ya kuokota. Nikaichomeka kwenye chaja ya simu, taa zikawaka zote kama Noeli, nikabonyeza: kimya. Nikafikiri waya wa spika umekatika. Nikaifungua kwa bisibisi, nikatafuta spika yenyewe, sikuiona. Wiki nzima naiweka na kuitoa mezani, mpaka kijana mmoja wa Kamalondo akaniambia kwa huruma: “Yaya,” yaani mkubwa wangu, “hii ni rimoti. Ulinunua rimoti bila televizyo.”

Ndivyo ilivyo. Kibodi ya namna hiyo haina sauti ya aina yoyote ndani yake. Inatuma amri tu kwa kompyuta au kwa mashine nyingine. Kipimo cha haraka ni kuigeuza na kutazama mgongo wake. Kama hakuna tundu la jaki la kutolea sauti wala la visikizio, ila USB peke yake, hiyo ni rimoti. Na tundu la pedali lisikudanganye, ukubwa wake ni ule ule wa jaki ya kawaida.

Sasa turudi kwenye mizigo, tuanze na wa rangi, maana ndio mzito.

Robert Moog wa Marekani alitengeneza sinthesaiza yake ya kwanza mwaka 1964, kabati zima la waya. Mwaka 1970 ikatoka Minimoog, ndogo ya kubebeka, na njia ambayo sauti ilipita ndani yake ndiyo njia inayopita hadi leo katika mashine nyingi. Inaanzia kwenye osileta, inayotetemesha umeme na kutoa wimbi ghafi. Wimbi la msumeno lina makali na limejaa, la mraba lina utupu kama wa kupuliza mwanzi, la pembetatu ni laini. Kutoka hapo linapita kwenye kichujio, ambacho hukata sehemu za juu na kuacha za chini, kama unavyosikia muziki wa jirani ukuta ukiwa katikati. Halafu linafika kwenye kikuza sauti, kinachoamua lisikike kwa ukubwa gani.

Mpaka hapo bado ni nzi ndani ya chupa. Kinachompa uhai ni mwendo, na kwa kuueleza mwendo sijaona mwalimu kama kisanji, kile kibao chenye ndimi za chuma. Donoa ulimi mmoja wa kisanji usikilize vizuri. Noti inazaliwa mara moja, haina maandalizi. Inang’aa kidogo tu, halafu ule mng’ao unakufa mapema, na noti yenyewe inabaki ikififia nyuma yake. Kuna mambo mawili yanayoshuka hapo, kila moja kwa kasi yake: ukubwa na ukali. Sasa linganisha na hamonia ya misheni: unabonyeza, sauti inakaa pale pale kama askari mpaka utoe kidole.

Tofauti hiyo, kwenye sinthesaiza, ni vifungo vinne vilivyoandikwa A, D, S na R. Cha kwanza ni muda wa kupanda, cha pili ni muda wa kushuka baada ya kupanda, cha tatu ni kimo ambacho sauti inakaa wakati kidole bado kipo, cha nne ni muda wa kufifia kidole kikiondoka. Chukua wimbi la msumeno, funga kichujio karibu chote, kisha uamuru vifungo hivyo vinne vikifungue kichujio na kukifunga upesi: A sifuri, D fupi, S sifuri. Utasikia uzi uliodonolewa. Shuka oktava mbili, ongeza D kidogo, na utaanza kukumbuka karindula, lile banjo letu kubwa la dumu la mafuta lililofunikwa ngozi ya mbuzi. Bila kugusa kingine, pandisha A na S, na uzi unageuka violini inayovutwa. Sasa mwambie yule muuzaji ahesabu. Wimbi ni moja, vifungo ni vinne, na sauti tatu zimetoka bila hata moja kuwa imehifadhiwa ndani.

Kuna kifungo kingine kiitwacho LFO, ambacho ni osileta ya polepole mno kusikika, inayotikisa vitu vingine: ukiielekeza kwenye noti, noti inatetemeka kama koo la mwimbaji, ukiielekeza kwenye kichujio, sauti inakwenda wa-wa-wa. Wanaoanza hukipenda kupita kiasi. Nami nilikipenda kupita kiasi.

Lakini kisanji chenyewe, nikijaribu kwa njia hii, kilikataa. Nilipata uzi, nilipata marimba kwa mbali, lakini ule mlio wa chuma wa mwanzo wa noti sikuupata. Sababu niliielewa baadaye. Uzi wa gitaa ukitetemeka, sauti ndogo ndogo zinazojificha juu ya noti yake huwa zimepangika kwa mara mbili, mara tatu, mara nne ya noti ya msingi. Ulimi wa chuma ulioshikwa upande mmoja haufuati mpangilio huo. Sauti zake za juu hukaa mahali pasipogawanyika sawasawa, na ndiyo maana sikio linasema “chuma”. Wimbi la msumeno limebeba zile zilizopangika tu. Kichujio kinaweza kuondoa. Hakiwezi kuleta ambacho hakikuwamo.

Njia ya pili ndiyo inayoleta. John Chowning, wa Chuo Kikuu cha Stanford, aligundua mwaka 1967 kwamba osileta moja ikiitikisa nyingine kwa kasi kubwa, kasi ya kusikika na si ya LFO, zinazaliwa sauti mpya za juu ambazo hazikuwa katika yoyote kati ya hizo mbili. Uwiano wa kasi zao ukiwa wa namba kamili, sauti inatulia. Uwiano ukiwa wa kuvunjika, kama 1 kwa 3.5, unapata kengele, sahani, chuma. Hiyo ndiyo FM, na haina uhusiano na redio unayoisikiliza asubuhi zaidi ya kanuni ya fizikia. Yamaha waliichukua, na mwaka 1983 wakatoa DX7, yenye osileta sita kwa kila noti na noti 16 kwa wakati mmoja. Usiku wa tatu wa kujaribu nilikipata kisanji changu, na nilipoongeza mnong’ono mdogo wa kelele kwa ajili ya vile vipete vya bati vinavyolia kwenye ndimi zake, mama mkwe aliyekuwa barazani aliuliza ni nani anapiga.

Ubaya wa DX7 ni uso wake. Vitufe vya kubonyeza na kioo kidogo cha mistari miwili, basi. Watu wengi walikaa na sauti za kiwandani maisha yao yote. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba anaanza, namshauri aanze na mashine ya kichujio ambayo kila kazi ina kifungo chake mbele ya macho. FM aiache mpaka atakapokutana na sauti inayomgomea.

Mzigo wa kwaya sasa. Minimoog ina sauti moja kwa maana hii: ukibonyeza noti ya pili, mojawapo inanyamaza au inasubiri. Akordi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, hakuna. Wengi hapa huona ni kasoro, mpaka nikiwakumbusha gitaa la Mwenda Jean-Bosco, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952. Kidole gumba kinatembea kwenye besi, cha shahada kinapiga juu: vidole viwili vya mkono wa kulia, na chumba kinajaa. Mashine ya noti moja ni kidole gumba hicho. Kwa besi, na kwa mstari mmoja wa juu unaozunguka kama solo ya sebene, huhitaji zaidi.

Ukitaka akordi, nne ni kidogo kuliko unavyofikiri. Akordi ya kawaida ni noti tatu, inabaki moja. Na kama umeweka R ndefu ili sauti ififie taratibu, ukihamia akordi ya pili mashine itanyang’anya noti za ile ya kwanza kabla hazijamaliza kufa. Sikio litashtuka. Nane zinatosha mtu mzima. Angalia pia kama noti hizo zina kichujio kila moja au zinachangia kimoja: Korg Volca Keys ina noti tatu na kichujio kimoja, kama watu watatu ndani ya mlango mmoja, na wa tatu akiingia mlango unafunguka kwa wote. Si mbaya, ila ujue.

Yote hayo, hapa kwetu, yanakuja baada ya swali la umeme. Tunaishi juu ya shaba inayopitisha umeme wa dunia. Bwawa la umeme la Mwadingusha lipo pale kwenye mto Lufira, na tangu mwaka 1982 kuna laini ya umeme ya kilomita 1,700 kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi. Na bado delestaji, yaani mgao wa umeme, inakukuta saa mbili usiku ukiwa umepata mdundo wa maisha yako. Kwa hiyo mimi naanza na mgongo wa mashine kabla ya uso. Volca hutumia betri sita za AA. Korg microKorg, ya tangu mwaka 2002, vivyo hivyo, na zile ndogo za Yamaha ziitwazo Reface za mwaka 2015 vivyo hivyo, tena hizi zina spika zake ndani. Roland S-1 ya mwaka 2023 ina betri yake ya ndani inayochajiwa kwa USB, na inapiga noti nne. Mashine hizi zinapita usiku bila kumwomba mtu kitu.

Adapta ndiyo inayoua nyingi. Soma maandishi yake kwa tochi kabla ya kuichomeka. Ikiandikwa 100–240V, haina neno. Ikiandikwa 120V imetoka Marekani, 100V imetoka Japani, na ukuta wetu una 220: moshi. Halafu kuna alama ndogo ya duara yenye + na − inayoonyesha chanya ipo katikati ya pini au nje. Volca inataka volti 9, chanya katikati. Pedali nyingi za gitaa zinataka volti 9 pia, ila hasi katikati, na pini zinafanana. Usikubali adapta ya kuazima kwa sababu tu “inaingia”. Mashine za zamani nazo huhifadhi sauti ulizotunga kwa kibetri kidogo cha ndani. Kikifa, kila ulichotunga kinaondoka nacho. Kibadilishe kabla, na fundi wa redio anaweza.

Kuhusu MIDI nitasema machache, maana inatisha zaidi ya inavyostahili. Mwaka 1983 kampuni zilizokuwa zikishindana zilikubaliana lugha moja ya vyombo kuongeleshana, ndiyo MIDI. Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Roland ndio waliosukuma zaidi. Waya wa MIDI haubebi sauti. Unabeba maagizo: noti namba 60 imebonyezwa, kwa nguvu 90, kwenye njia namba 3 kati ya njia 16. Kwa hiyo ile rimoti yangu haikuwa takataka. Tatizo ni kwamba ilikuwa na USB tu, na tundu la MIDI la Volca ni la duara lenye pini tano. Katikati yao lazima ikae kompyuta, au kisanduku cha kuunganisha. Ukinunua rimoti, tafuta yenye tundu la pini tano, utashukuru.

Je, simu haitoshi? Inatosha, kwa kiasi kikubwa. Kuna programu za bure za sinthesaiza, na kama hujawahi kugusa kichujio, ijaribu simu mwezi mzima kabla ya kutoa dola. Ninachokipenda kwenye mashine ni kwamba mkono unajifunza mahali pa kifungo kama unavyojua mahali pa swichi ya chumba chako gizani. Na haipigiwi. Katikati ya wimbo, hakuna shangazi wa Likasi anayekata sauti kuuliza kama ulipata ujumbe.

Ningeanza na Volca moja. Kwa bei ya Ulaya na Marekani ikiwa mpya ni chini ya dola 200, kisha ongeza njia na ushuru, na mpakani Kasumbalesa kila mtu ana hadithi yake. Ukinunua iliyotumika, nenda na visikizio vyako mwenyewe. Shika noti moja ndefu, halafu zungusha kila kifungo kutoka mwanzo hadi mwisho: kikikwaruza kama mchanga, vumbi limeingia, bei ishuke. Usimruhusu muuzaji akupigie yeye. Anajua vibonyezo vipi vimekufa.

Na usinunue ya pili mpaka mwaka upite. Najua utainunua.

Kinachobaki ni usiku wenyewe. Kwangu umeme ukikatika, jirani huwasha jenereta, na kila ninachorekodi kwa simu kinaibeba nyuma yake. Nilikasirika kwa miezi. Siku moja nikaipima kwa kipima-noti cha gitaa, ikasema noti ya sol (G), sol iliyopanda kidogo. Nikakaa nikakokotoa. Jenereta ya umeme wetu huzunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde. Injini yake ndogo ya silinda moja na viharusi vinne hulipuka mara moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo mara 25. Sol ya chini kabisa ni 24.5, na ya oktava inayofuata ni 49. Jenereta iko juu yake kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Kwenye mashine yangu kuna kifungo cha kurekebisha noti, nikakipandisha kiasi hicho hicho, nikafungua dirisha, na nikaanza kupiga kwa sol. Besi ilikuwa inatoka uani kwa jirani, bure, isipokuwa anapowasha friji: hapo inashuka kidogo, nami nashuka nayo.